Mguu wa Nani? Umbo la Majina ya Nyota Rijili

Jina la nyota ni utungo mfupi kuliko wote. Halina beti wala vina, mara nyingi halizidi neno moja au mawili, na mtungaji wake hajulikani. Hata hivyo lina fani yake. Lina viungo vilivyopangwa, lina nafsi inayotazama, lina kilichotajwa na kilichonyamaziwa. Makala haya yanazisoma tungo za namna hiyo kwa nyota moja, Rijili, na yanatetea hoja moja: ujuzi uliomo katika jina hili umo katika uhusiano linaoutaja. Kila mara uhusiano huo ulipokatwa ili jina liwe jepesi, sehemu ya ujuzi ilikatwa pamoja nao.

Kwanza nyota yenyewe. Rijili kwa kawaida ndiyo angavu kuliko zote katika kundinyota la Jabari, na ni ya saba kwa mng'aro katika anga lote la usiku. Katikati ya Januari, kiasi cha saa nne za usiku, mkazi wa pwani ya Tanzania akiinua uso huiona karibu na utosi, nyeupe yenye kuelekea buluu. Wanaastronomia wameiweka katika daraja la majitu makuu ya buluu. Uso wake una joto la takribani Kelvini 12,000, zaidi ya mara mbili ya joto la uso wa Jua. Kipenyo chake hukadiriwa kuwa zaidi ya mara 70 ya kile cha Jua. Na mng'aro wake hutajwa kuwa kama mara 120,000 ya ule wa Jua. Umbali wake unakadiriwa kuwa miaka ya nuru 860. Maana yake, nuru inayotufikia usiku huu iliondoka huko karne ya 12 au karibu yake, wakati ambapo jina la nyota lilikuwa limekwisha kuandikwa vitabuni. Tunachokiona ni kichanga kuliko tunachokitamka.

Waliolitunga jina hawakujua joto hilo wala umbali huo. Walijua mahali, jirani, majira na rangi, na walijua kuvipanga. Mpangilio huo ndio unaostahili kusomwa.

Sentensi, kirai, neno, herufi

Tuanze na maandishi ya Ptolemaio, aliyefanya kazi Aleksandria karne ya 2. Katika kitabu chake kijulikanacho kama Almagest aliorodhesha nyota zaidi ya 1,000 katika makundi 48. Nyingi kati ya hizo hazina jina, zina maelezo. Rijili imo miongoni mwa nyota 38 za Jabari, na inaelezwa kwa mambo matatu: kwamba ni angavu, kwamba iko katika mguu wa kushoto, na kwamba inashirikiana na maji.

Tuyachunguze mambo hayo moja moja. Uangavu ni sifa ya nyota yenyewe, na ndiyo peke yake isiyohitaji kitu kingine. Mguu wa kushoto ni mahali, lakini mahali hapo hapapo angani mpaka kwanza mwili mzima uwe umechorwa akilini. Tena neno "kushoto" limebeba habari kubwa. Kwa mtu wa kaskazini anayetazama kusini, Rijili iko chini upande wake wa kulia. Ikiwa upande wa kulia wa mtazamaji ndio wa kushoto wa jitu, basi jitu linatutazama. Ptolemaio hasemi popote katika maelezo hayo kwamba Jabari ametugeuzia uso. Neno moja la upande limeshalisema. Jambo la tatu, maji, linatutoa nje ya Jabari kabisa. Karibu na mguu huo ndipo linapoanzia kundinyota la Mto, liitwalo Eridanus, na mguu umewekwa kwenye chanzo chake. Nyota moja inafunga picha mbili pamoja. Msomaji wa maelezo haya angeweza kuipata Rijili hata bila mchoro, kwa sababu amepewa njia tatu za kuifikia.

Almagest ilipotafsiriwa kwa Kiarabu karne ya 9, Jabari wa Kigiriki alikutana na umbo lililokuwapo tayari. Waarabu walikuwa na Jauza, jina la kike kwa sarufi yake, ambalo wasomi hulichukua kuwa la mwanamke aliye katikati ya anga. Kwa hiyo nyota ikawa na virai viwili: Rijl al-Jauza, mguu wa Jauza, na Rijl al-Jabbar, mguu wa jitu. Umbo la kirai halikubadilika. Mguu ulibaki palepale, nuru ileile. Kilichobadilika ni mwenyewe, kutoka mwanamke hadi jitu. Hilo linatuonyesha nguvu ya muundo huu wa umilikishi: unaweza kupokea mmiliki mpya bila kuvunjika, maadamu nafasi ya mmiliki haiachwi tupu.

Hata yale maji ya Ptolemaio yalipata mwenzake. Nyota zilizo karibu na Rijili, ambazo Wagiriki walizihesabu kuwa mwanzo wa mto, Waarabu waliziita kiti cha Jauza, kile cha kuwekea mguu. Moja ya nyota hizo hadi leo inaitwa Cursa, kutokana na kursi. Hapa kuna kanuni ya fani inayofaa kutajwa: mguu ukishatajwa, mawazo hudai mahali pa kuukanyagisha. Wagiriki walitoa maji, Waarabu wakatoa kiti. Kila upande ulihisi kwamba tungo haijakamilika mpaka mguu uguse kitu.

Mwanafalaki aliyezisoma mila hizi mbili kwa pamoja kwa umakini mkubwa ni Abd al-Rahman al-Sufi, mzaliwa wa Rayy, katika kitabu chake cha maumbo ya nyota thabiti kilichoandikwa karibu na mwaka 964. Mpangilio wa kitabu hicho wenyewe ni somo la fani. Kwa kila kundinyota anaanza na maelezo ya nyota moja baada ya nyingine kwa kumfuata Ptolemaio, kisha anataja majina ya Waarabu, kisha anaweka michoro miwili, na mwisho jedwali la vipimo. Michoro hiyo miwili ni ya umbo lilelile, ila mmoja ni jinsi linavyoonekana angani kutoka ardhini, na mwingine ni jinsi linavyoonekana kwenye tufe la anga, ambapo mtazamaji yuko nje. Kwa hiyo mmoja ni kinyume cha mwingine. Mguu wenye Rijili uko upande mmoja wa ukurasa katika mchoro wa kwanza, na upande wa pili katika mchoro unaofuata.

Mpangilio huu unathibitisha ubora wa jina la kiungo cha mwili. Kama nyota ingeitwa "ya kulia chini", mchoro wa pili ungeikanusha. Lakini mguu wa kushoto wa mtu hubaki wa kushoto, utazame kutoka mbele, kutoka nyuma, kutoka ndani ya anga au nje yake. Mwili umebeba pande zake wenyewe. Al-Sufi aliiweka michoro yake ubavu kwa ubavu, na jina likapita mtihani huo bila kuguswa.

Kisha likaja kukatwa. Wasomi wa Ulaya waliochukua elimu ya falaki kutoka kwa Waarabu waliandika majina ya nyota kwa herufi za Kilatini, wengi wao bila kuyasikia kama lugha. Katika toleo la mwaka 1521 la majedwali ya falaki yaitwayo Majedwali ya Alfonso, nyota hii inaonekana kwa jina Rigel. Mguu umebaki, mwenyewe ametoweka. Zipo pia orodha zilizoita nyota hiyohiyo Algebar, zikamshika jitu na kuuacha mguu. Kirai kimoja kilichanwa vipande viwili, na kila kipande kikasimama kana kwamba ni jina zima.

Athari ya mkato huo si ya sauti peke yake. "Mguu wa Jabari" ni sinekdoki iliyo hai: kiungo kinaita mwili wote, na anayesikia hulazimika kutafuta bega, mkanda na upanga. "Mguu" peke yake ni kiungo kisichoita chochote. Linganisha na nyota angavu ya kusini, Rijili Kantori, mguu wa kundinyota la Kantori, ambayo wanaastronomia wa Ulaya waliiita Rigil Kentaurus. Hiyo ilibaki na mwenyewe kwa sababu miguu ilikwisha kuwa miwili angani, na bila mwenyewe isingejulikana ni upi unaosemwa. Vivyo hivyo mikia: Deneb ni mkia wa kuku, Denebola mkia wa simba, Deneb Algedi mkia wa mbuzi. Deneb ya kwanza imemwacha kuku wake, na mwanafunzi asiyeambiwa hatajua kwamba anautazama mkia wa ndege anayeruka.

Mkato wa mwisho ulikuwa wa mwaka 1603, pale Johann Bayer alipotoa atlasi yake, Uranometria, na kuzipa nyota herufi za Kigiriki. Rijili ikawa Beta ya Orion, yaani ya Jabari, herufi ya pili. Herufi ya kwanza, Alfa, ikapewa nyota ya bega, ile nyekundu inayoitwa Betelgeuse. Wengi wamelichukulia jambo hili kama kosa, kwa kuwa Rijili mara nyingi inang'aa kuliko ile ya bega. Kwa msomaji wa fani jambo ni jingine. Bayer alizikusanya kwanza nyota za daraja moja la mng'aro, na ndani ya daraja hilo hakuzipima kwa utondoti. Herufi yake inaonekana kama cheo, ilhali ni zao la mpangilio wa kuorodhesha. Umbo la alfabeti lilileta maana ambayo nyota zenyewe hazikuileta: likaonekana kusema nani wa kwanza na nani wa pili.

Tukitazama safari yote, tunaona mteremko ulio wazi: sentensi ya Ptolemaio, kirai cha Waarabu, neno la Walatini, herufi ya Bayer. Kila hatua ilikuwa na manufaa, kwa kuwa jedwali linahitaji ufupi. Lakini kila hatua ilidondosha uhusiano mmoja: kwanza maji, kisha mwenyewe, kisha mguu. Mwaka 2016 Umoja wa Kimataifa wa Astronomia uliidhinisha Rigel kuwa jina rasmi, tena la ile nyota kuu tu. Hilo nalo ni dogo lenye maana. Mwanaastronomia William Herschel alikuwa ameona mwaka 1781 kwamba kuna nuru ya pili hafifu kando yake, na leo inajulikana kwamba mahali hapo pana nyota zipatazo nne. Mguu wa Ptolemaio ulizibeba zote bila kujua; jina rasmi linaitaja moja.

Mguu ulio utosini

Kuna nafsi inayosema ndani ya jina "mguu", na nafsi hiyo imesimama kaskazini. Kutoka Aleksandria, Baghdad au Shiraz, Jabari husimama wima upande wa kusini: mabega juu, mkanda katikati, miguu ikielekea upeo. Mguu uko chini kwa maana zote mbili, ya mwili na ya macho. Jina na picha vinakubaliana.

Kwetu havikubaliani, na tofauti hiyo inafundisha. Kutoka Afrika Mashariki Jabari huchomoza akiwa amelala ubavu, kichwa kaskazini, miguu kusini, na mguu wenye Rijili hutangulia bega jekundu kwa zaidi ya nusu saa. Akifika juu, hana chini wala juu. Jijini Nairobi bega lake liko upande mmoja wa utosi na mguu upande wa pili. Kilwa Kisiwani, iliyo karibu na nyuzi 9 kusini mwa ikweta, Rijili hupita umbali usiofika nyuzi moja kutoka utosi kabisa. Na kwa kuwa mhimili wa dunia huyumba polepole kwa karne nyingi, ilipita karibu zaidi na utosi wa mji huo katika zama za fahari yake, karne ya 14. Aliyekuwa akisimama kando ya Msikiti Mkuu wa Kilwa usiku wa kaskazi aliuona mguu wa jitu ukiwa juu ya kichwa chake hasa, juu kuliko bega.

Je, jina limeshindwa? Hapana. Hapa ndipo umilikishi unapoonyesha kwamba una nguvu kuliko picha. Mguu hauhitaji kuwa chini ili uwe mguu. Mtu aliyelala bado ana miguu. Alimradi jina limebaki na mwenyewe, msomaji wa Kilwa atamtafuta Jabari aliyelala naye ataupata mguu wake. Lakini jina likikatwa na kubaki "mguu" tu, linalobaki ni ile dhana ya chini, na dhana hiyo kwa Kilwa si kweli. Mkato uliondoa sehemu iliyokuwa ikilifanya jina lifae kila latitudo, ukaacha sehemu iliyofungwa na kaskazini.

Mabaharia walilitatua suala hili kwa njia yao. Katika dira ya nyota ya Bahari ya Hindi, ambayo nahodha Ahmad ibn Majid wa Julfar aliieleza kwa kirefu mwishoni mwa karne ya 15, pande 32 za upeo zilipewa majina ya nyota zinazochomoza na kuzama hapo. Mashariki ilikuwa ya nyota Altair, na upande unaofuata kuelekea kusini ulikuwa wa Jauza. Ibn Majid, ambaye pia alitunga shairi la Sufaliya kuhusu njia ya pwani yetu hadi Sofala, hakuhitaji mguu pale. Alihitaji mkanda ulio katikati, kwa kuwa ndio unaochomoza karibu na mashariki halisi. Kwa baharia jina zima ni mahali pa upepo na chombo, na kiungo kimoja kinamezwa na mwili. Huo pia ni uamuzi wa fani: kazi ndiyo inayochagua sehemu gani ya mwili itajwe.

Tungo za watu wengine

Mwili si njia pekee. Wachina waliiita Rijili kwa namba: ni ya saba katika kituo cha anga kiitwacho Shen. Shen mwanzoni ilikuwa nyota tatu za mkanda, na namba zinaanzia hapohapo: moja, mbili, tatu mkandani, nne na tano mabegani, sita na saba miguuni. Ukizifuata kwa mpangilio wake, jicho linatoka katikati, linapanda, kisha linashuka na kutua kwenye Rijili. Namba hizi hazipangi ukubwa, kwani nyota angavu kuliko zote ndiyo ya mwisho. Zinapanga mwendo wa kutazama. Jina hili halina sitiari hata moja, lakini lina uhusiano kamili, kwa kuwa saba haina maana bila sita zilizotangulia.

Wajapani, kama majina yao ya kienyeji yalivyorekodiwa katika mkoa wa Gifu, walitumia tanakuzi. Rijili ni nyota ya Genji, na ile nyekundu ya bega ni nyota ya Heike: koo mbili zilizopigana vita vikubwa kati ya mwaka 1180 na 1185, Genji wakipeperusha bendera nyeupe na Heike bendera nyekundu. Katikati yao umo mkanda wa nyota tatu kama uwanja wa vita. Katika mila zote tulizozisoma hapa, hii ndiyo inayoshika rangi. Ptolemaio alitaja ung'avu na mahali, Wachina mpangilio, utungo huu wa Gifu umeona kwamba tofauti kubwa kati ya nyota hizo mbili ni weupe na wekundu. Fizikia ya leo inasema hivyohivyo kwa lugha ya joto: Kelvini 12,000 upande mmoja, kama 3,500 upande wa pili. Tena jina halikutaja rangi moja kwa moja. Limetaja ukoo, na anayeijua historia anaipata rangi. Wala Genji haijitoshelezi. Ukimwondoa Heike, weupe hauna wa kupimana naye.

Kwa Wawotjobaluk wa kusini mashariki mwa Australia, uhusiano ni wa ujamaa. Rijili ni Yerrerdet-kurrk, mama mkwe wa Totyerguil, ambaye ni nyota Altair, na umbali kati yao ni mwiko unaomkataza mwanamume kumkaribia mama mkwe wake. Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa sana. Heshima ya mkwe anaijua, na jamii nyingi za hapa zina miiko inayofanana na huo. Cha kusoma ni jinsi anga linavyoushika mwiko. Nyota hizo zimetengana kwa nyuzi zipatazo 140. Rijili inapochomoza mashariki, Altair imekwisha kuelekea magharibi, na kadiri mama mkwe anavyopanda ndivyo mkwe anavyoshuka hadi azame. Tashihisi hii imejengwa juu ya kipimo halisi. Nafasi tupu kati ya nyota mbili, ambayo majina mengine hayaitaji, hapa ndiyo kiini cha utungo.

Wamaori wa Nyuzilandi wana jina linaloonekana kusimama peke yake: Puanga. Nchi nyingi za kusini humwona Jabari kichwa chini, na huko Nyuzilandi Rijili huchomoza zaidi ya saa nzima kabla ya ile nyota ya bega, hata kabla ya mkanda. Alfajiri za Juni hujitokeza kwanza, bila mwili wowote wa kuitwa mguu wake. Kwa makabila ya magharibi mwa Kisiwa cha Kaskazini, kama ya Taranaki na Whanganui, kuchomoza kwake ndiko kunakofungua mwaka mpya, mahali ambapo kwa wengine kazi hiyo hufanywa na Matariki, yaani Kilimia chetu. Sikukuu ya taifa ya Matariki ilipoanza mwaka 2022, Puanga naye aliendelea kutajwa na watu wake. Hata hivyo upekee huo si wa kukosa jamaa. Puanga husimuliwa kuwa binti wa Rehua, ambaye ni Antares, moyo wa Nge. Alfajiri hiyo hiyo ya Juni, baba anakaribia kuzama magharibi wakati binti anachomoza mashariki. Wagiriki waliweka Nge na Jabari kuwa maadui wasiokaa anga moja. Wachina waliwafanya ndugu wawili wasiopatana, waliotenganishwa wasikutane tena. Wamaori wakawafanya baba na binti. Hisia ni tofauti, muundo ni mmoja, na muundo huo uliandikwa na anga lenyewe.

Kuna mfano mmoja unaopima hoja hii kutoka upande wa pili. Katika Edda ya Snorri Sturluson, iliyoandikwa Iceland karne ya 13, mungu Thor anambeba Aurvandil kapuni kuvuka mto wa baridi kali; kidole kimoja cha mguu kinachungulia nje, kinaganda, na Thor anakivunja na kukirusha angani kiwe nyota. Baadhi ya wasomi wamekisia kwamba nyota hiyo ni Rijili. Iwe ndiyo au siyo, utungo wake ni wa kiungo kilichokatwa kwa makusudi, na hapa ukataji haupotezi kitu kwa kuwa ndio kisa chenyewe. Kidole kilichotengwa kimehifadhi jina la mwenyewe na sababu ya kutengwa. Neno Rigel nalo ni kiungo kilichotengwa, ila bila kisa.

Ya au wa

Kiswahili kiliyapata majina haya kwa njia ya bahari, moja kwa moja kutoka Kiarabu, na kwa hiyo kina Rijili, Jabari na Jauza bila kupitia Kilatini. Hilo ni jambo la thamani. Lakini hata kwetu majina yamepita katika misukosuko. Nyota ya bega tunaiita Ibuti la Jauza, yaani kwapa la Jauza, ilhali Paul Kunitzsch, Mjerumani aliyetumia maisha yake kuchunguza majina ya nyota ya Kiarabu, alionyesha kwamba asili yake ni mkono wa Jauza, uliogeuka kwa kusomwa vibaya nukta ya herufi ya kwanza. Tukiyaweka majina yetu mawili pamoja, Ibuti la Jauza na Rijili ya Jabari, tunapata mwili mmoja ambao kwapa lake ni la mwanamke wa Waarabu wa kale na mguu wake ni wa jitu la Wagiriki. Sioni kasoro hapo. Naona historia nzima ya mkutano wa mila mbili, imehifadhiwa katika umilikishi wa majina mawili.

Tuutazame pia upatanisho wa kisarufi. Tungesema mguu wa Jabari. Lakini tunasema Rijili ya Jabari. Kiunganifu "ya" hakiufuati mguu bali kinaifuata nyota. Sarufi yetu imekwisha kuamua kwamba Rijili ni nyota kwanza, na mguu umebaki ndani ya neno kwa anayeujua. Kirai hiki kwa hiyo kinasema mambo mawili kwa pumzi moja: kwa asili yake kinasema kiungo cha mwili, kwa upatanisho wake kinasema chombo cha anga. Si Rijl al-Jabbar ya al-Sufi wala Rigel ya Walatini iliyofanya hivyo.

Ndiyo maana napendekeza kwamba vitabu vya shule, ramani za anga na makala ya sayansi kwa Kiswahili viandike jina zima, Rijili ya Jabari, hasa pale nyota inapotajwa kwa mara ya kwanza. Ufupi wa Rigel unafaa jedwali la kimataifa, na herufi ya Bayer inafaa darubini. Mtoto anayeinua macho kutoka Mafia au Mtwara anahitaji kitu kingine. Anahitaji jina litakalomfanya aulize mguu huu ni wa nani, amtafute Jabari aliyelala juu ya kichwa chake, avuke mkanda wa nyota tatu, na afike kwenye bega jekundu la upande wa pili. Jina la kirai linamfundisha anga zima kwa maneno matatu. Jina la neno moja linamfundisha nukta moja. Tumerithi kile kilicho bora, na kukitumia kikamilifu hakutugharimu zaidi ya maneno mawili ya ziada.